Manga za wasichana wapendanao zimeniharibu kichwa ama nilikuwa hivi tu?

Chai_ya_Rangi (Nakuru)

Sasa wadau. Najua hapa wengi wenu ni watu wa manga, hizi katuni za Kijapani, za vita na majini na kuruka juu ya nyumba, lakini najua pia kuna wale wa yuri, hizi za wasichana wapendanao, mnasoma mkijificha, nyinyi ndio naongea nanyi leo.

Mimi ni mtu mzima, nafanya kazi kwa duka la kutoa fotokopi na kupiga chapa huku tao, jioni nikifika keja Section 58 nikishakula naingia kwa blanketi na simu nasoma mpaka bando iishe. Hiyo si shida. Shida ni kuna huyu dada wa kemisti iko ng'ambo ya barabara. Huwa anakuja kutoa kopi za risiti na kuskani makaratasi ya bosi wake na maneno yetu yote tangu nimjue ni "ya rangi ama nyeusi", "pande moja ama mbili", "asante". Basi. Lakini kwa kichwa changu aki tumefika mbali. Kuna ile ya mvua inatupata Menengai tunajikinga na leso moja. Kuna ile anagonjeka nampelekea supu na ananiambia nikae kidogo. Kuna hadi ile tumekosana, halafu ananikimbilia steji na matatu imeshaanza kutoka. Zote nimezipanga, na nikiwa napanga chapta mpya saa zinaenda sioni, mteja anaita mara tatu ndio naskia.

Sasa juzi Gor ilikuwa imecheza, nikamskia pale nje anabishana na mtu wa nduthi juu ya refa. Wueh. Sauti mpaka stendi yote ya boda imegeuka, anacheka mdomo wazi, anatupa na tusi moja hapo katikati. Na mimi nilikuwa nimemfanya mtu mpole wa vitabu anayeongea pole pole na kuangalia chini. Mnajua niliskia nini? Hasira. Yaani kama mtu amenichorea mhusika wangu vibaya, nikataka kurudisha kitabu dukani.

Maswali yangu. Ni hizi manga zimenifundisha hivi? Juu nusu ya zile nimesoma ni msichana mmoja anamwangalia mwingine kwa dirisha la darasa chapta ishirini bila kusema neno, na sisi tunaona ni kitu tamu ajabu. Na la pili, kuna zile za watu wazima, wenye kazi na kodi, penye mtu anasema na maisha inaendelea? Msinipeleke kwa pasta tafadhali, huko nilishapelekwa.

Nyar_Dunga (Kisumu)

Dadangu pole lakini nimecheka, hiyo ya leso moja nimeisoma mara nyingi sana, tofauti ni kwao huwa ni mwavuli.

Sikia. Kwa manga mchoraji anakupea kitu hapa nje hakuna mtu hupewa. Ukurasa wa kulia msichana wa kwanza anajiuliza kama anapendwa, anateseka, hali chakula. Ukurasa wa kushoto mwenzake amegeukia dirisha na mashavu yamechorwa vile vistari vya aibu. Wewe msomaji ushajua jibu! Anayeteseka ndio hajui. Kwa hivyo yale mateso yake wewe unayaskia raha juu unajua mwisho wake, na ukijua mwisho unaweza kungoja hata chapta hamsini, hakuna haraka. Sasa unatoka hapo unaenda kazini unamwangalia huyo wa kemisti ukingoja mtu akuchoree upande wake. Hakuna anayechora. Ukimya wake kwa manga ungekuwa dalili ya moyo kudunda, hapa Nakuru ni mtu anangoja kopi zake zitoke.

Na hiyo hasira usiipite haraka, hapo ndipo penye maneno. Huyo wa kutukana refa ndiye yuko. Yule wa kuangalia chini ni wewe ulimtengeneza, na juzi wawili hao wamekutana mbele ya duka lako, ukachukua upande wa yule hayuko.

Tena mtu wa Gor unamkasirikia? Huyo ni baraka, ukimchoka mtume huku kwetu.

Kijana_wa_Kanduyi (Bungoma)

Sijaelewa. Si umkatie tu? Chapta ishirini za kuangalia mtu kwa dirisha ni za nini? Kama babu zetu wangengoja hivyo saa hii hakungekuwa na mtu wa kusoma hii posti.

Nyar_Dunga (Kisumu)

Nyinyi wa Bungoma mnakatia mtu kabla hajashuka kwa gari, hatuwezi chukua ushauri kwenu.

Msomaji_Lurambi (Kakamega)

Wacha niingie hapo kwa hiyo ya "nusu ni kuangaliana kwa dirisha", juu watu wanadhani ni uvivu wa wachoraji wa siku hizi, na hiyo kitu ina zaidi ya miaka mia moja.

Japani mwanzo wa karne ya 20 kulikuwa na shule za wasichana, na huko ndani wasichana walikuwa wanapendana, mkubwa na mdogo, barua, zawadi ndogo ndogo, machozi. Uhusiano wa aina hiyo uliitwa S tu, herufi moja. Mwandishi Yoshiya Nobuko alianza kutoa hadithi zake za Hana Monogatari 1916, kila hadithi iko na jina la ua, na ziliendelea mpaka miaka ya 20. Ukizisoma ni kutamani, kuagana, kukumbuka. Na wazazi hawakuwa na wasiwasi sana, unajua kwa nini? Juu waliona ni mambo ya kupita. Ukimaliza shule unaolewa, imeisha. Ilikubaliwa kwa sababu ilikuwa na tarehe ya mwisho.

Sasa fikiria wewe ni mwandishi ndani ya hiyo sheria. Huwezi andika baadaye yao juu baadaye hairuhusiwi. Unabaki na nini? Mwanzo peke yake. Basi unauvuta huo mwanzo, unauvuta, mkono umegusa mkono ni kurasa nne, barua haijafunguliwa ni hadithi nzima. Ukija kwa manga yenyewe, ile inatajwa sana kama ya kwanza, Shiroi Heya no Futari ya Yamagishi Ryoko, 1971, ni shule ya bweni tena, wameipeleka Ufaransa kabisa, na mmoja wao anakufa. Yaani ama unaishia kuangaliana ama unaishia kaburini. Halafu 1998 Konno Oyuki anaanza vile vitabu vya Maria-sama ga Miteru, shule ya Kikatoliki, mkubwa anampa mdogo rozari anakuwa dada yake. Mliosoma bweni hapa Kenya hiyo mnaijua bila kuelezwa, si ni kama mama wa skuli, ile ukiwa mono unapewa mtu wa fomu tatu akuonyeshe maji iko wapi na nani anaiba sukari kwa maboksi, na wewe ukimuona kwa asembli roho inaruka. Sisemi kila mono alikuwa anapenda. Nasema ile hewa ya ndani ya ukuta mnaijua.

Kwa hivyo Chai, hujafundishwa na manga moja. Umeingia kwa nyumba ilijengwa hivyo kitambo, madirisha mengi mlango hakuna.

Lakini kuna kitu huwa inanifurahisha. Huyo huyo Yoshiya, mwandishi wa maua na machozi, alikutana na Monma Chiyo miaka ya 20 na waliishi pamoja mpaka Yoshiya akafa 1973. Mwaka 1957 alimuasili kisheria, kama binti yake, juu sheria ya Japani haikuwa na njia nyingine ya kuwafanya familia. Vitabuni kwaheri, nyumbani kwake mtu wa kunywa naye chai miaka karibu 50. Hiyo nusu ya pili ndiyo ningependa ingechorwa zaidi.

Njoro_Mvua (Njoro)

Msomaji umesema vizuri lakini umewafanya wachoraji wa sasa ni kama bado wako 1916. Kuna wenye wanajua kabisa hii shida ya Chai na wanaichora makusudi.

Chukua Bloom Into You ya Nakatani Nio, ilitoka 2015 mpaka 2019. Huyo Yuu ni msichana amekula manga za mapenzi na nyimbo za mapenzi maisha yake yote, anajua maneno yote, anangoja siku moja ile kitu impige kifuani venye imeandikwa. Akitongozwa haiji. Anadhani ako na kasoro. Yaani mchoraji amechukua msomaji wa manga akamuweka ndani ya manga amuulize, na kama haifanani na kitabu utaitambua kweli? Na yule mwingine, Touko, anampenda Yuu lakini anamwambia asimpende, anataka kupenda bila kupendwa, juu akipendwa mtu ataanza kuona yeye ni nani kweli, na yeye amejificha ndani ya picha ya dadake aliyekufa. Chai hapo soma pole pole. Kuna raha ya kumpenda mtu ambaye hawezi kukujibu, ni salama, unafanya yote mwenyewe.

Halafu kuna Sayaka, wa tatu. Huyo ndiye wetu. Anampenda Touko tangu wameingia sekondari, anajiambia anangoja wakati mzuri, ni rafiki wa karibu, anajua kila kitu. Anangoja mpaka mtu mwingine anakuja. Anasema wakiwa safari ya shule Kyoto, na anakataliwa. Mimi nililia lakini si kwa huruma, nililia juu ilikuwa mara ya kwanza kwa hizi stori naona kukataliwa si kifo. Anaosha uso, anaendelea kuwa mtu.

Na moja ingine, najua ilianza kama katuni ya TV na si yuri rasmi, msinishike shati, lakini Madoka Magica ya 2011. Msichana anaitwa Homura anarudisha wakati nyuma, anarudia mwezi ule ule tena na tena kumuokoa rafiki yake Madoka, na sisi mashabiki tukasema hayo ndiyo mapenzi. Kisha ile filamu ya 2013 inakuja, Homura anapata nguvu, anamjengea Madoka dunia nzima, nzuri, haina maumivu, na hakumuuliza. Madoka ndani yake anaanza kukumbuka na Homura anamkumbatia kwa nguvu asikumbuke. Watu bado wanaichora hiyo kama harusi. Mimi niliona jela.

Nyar_Dunga (Kisumu)

Homura usimguse. Alikuwa peke yake na kila mtu alikuwa anakufa, ungefanya nini wewe?

Njoro_Mvua (Njoro)

Ningemuuliza.

Zamu_ya_Usiku (Kisumu)

Nimesoma yote nikiwa kwa tuktuk natoka kazi na naona mnaongea kama ndoto ni ugonjwa. Mimi ni nesi, wodi. Nikitoka asubuhi nimeona vitu sitaandika hapa. Nikifika nyumbani sitaki manga ya watu wazima wenye kodi, kodi ninayo, iko kwa meza. Nataka wasichana wawili wanakula keki, maua ya cheri yanaanguka, hakuna mtu anaugua. Nisome, nilale. Kama hiyo ni kutoroka basi nimetoroka, na jioni narudi kazini kama kawaida kwa hivyo sioni nimemkosea nani.

Na mkiwaambia watu waache kuota waende waseme, jueni mnasema hivyo wapi. Kifungu cha 162, kile cha mapenzi "kinyume na maumbile", bado kiko kwa sheria ya Kenya, Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa tarehe 24 Mei 2019. Hata bila polisi kuna mwenye nyumba, kuna shangazi, kuna kanisa. Chai anaweza kupoteza kazi kwa maneno tu ya sokoni. Kwa wengine wetu ndani ya kichwa ndiyo nyumba pekee haina mwenye nyumba. Kijana wa Kanduyi, hiyo "mkatie tu" yako ni ya mtu ambaye akikataliwa anachekwa na yanaisha hapo.

Lakini Chai nikugeukie wewe sasa. Mimi naota watu wa karatasi. Hao waweke Menengai, waweke mwezini, hawana shida. Wewe unaota mtu ako na kitambulisho na zamu na pengine mtoto. Hapo nakuuliza kama nesi si kama msomaji: unajua saa yake ya lanchi? Umeshatafuta akaunti zake ukarudi nyuma mpaka picha za kitambo? Umewahi kupanga utoke saa anayotoka? Ile siku ndoto inaanza kuhitaji habari kutoka kwake bila yeye kujua, imeacha kuwa ya kichwa chako peke yako.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, 1979 aliandika kitabu juu ya hali hii hii, ya kufikiria mtu mpaka kazi haifanyiki, akaiita limerensi. Alichosema na mimi hukubali ni kwamba inalishwa na tumaini likichanganywa na kutokuwa na uhakika. Ukipata ndiyo kamili inapoa, ukipata hapana kamili inapoa. Inanenepa hapo katikati. Sasa rudi uangalie hizo chapta ishirini za dirisha zimejengwa na nini.

Chai_ya_Rangi (Nakuru)

Zamu umenishika pabaya. Lanchi yake naijua, saa saba na nusu, hiyo huwezi kosa kuona ukikaa kwa dirisha letu. Akaunti nilitafuta, nikapata moja nikaogopa nikafunga. Kumfuata hapana, haki sijawahi.

Na hiyo ya Touko imenikalia. Juu nikiwa mkweli kwa zile chapta zangu zote yeye haongei sana. Anafanya vitu, ananishika mkono, anakimbia steji, lakini maneno ni yangu. Sikuwa nimeona hiyo mpaka nimesoma hapa.

Lakini Nyar_Dunga sikubali kuwa ni mambo ya kutengeneza tu. Kabla nianze kusoma hizi manga nilikuwa naskia hivi na nilikuwa nadhani niko peke yangu kutoka Nakuru mpaka mwisho wa dunia. Mara ya kwanza kusoma moja, ilikuwa imetafsiriwa na mashabiki, Kiingereza kimeharibika, nilikaa kwa kitanda nikiangalia ukuta. Hakuna kitu ingine ilikuwa imeniambia hiyo kitu iko. Kwa hivyo hata kama ina madirisha bila mlango, mimi nilikuwa nje kwa mvua.

Nyar_Dunga (Kisumu)

Hiyo nakupea. Nakupea kabisa.

Sasa fanya hivi, usimkatie, usimwambie chochote kikubwa, Zamu amesema ukweli juu ya hayo. Ongea naye kitu nje ya rangi ama nyeusi. Umjue venye ako kwanza. Pengine ni mtu wa kuchosha! Wengi wetu tunachosha.

Msomaji_Lurambi (Kakamega)

Na swali la pili la Chai mmelisahau wote, alitaka vitabu. Za watu wazima ziko, na zimeongezeka tangu majarida ya yuri yenyewe yaanze, Yuri Shimai 2003 na Comic Yuri Hime 2005. Soma Even Though We're Adults ya Shimura Takako. Mwalimu wa shule ya msingi anakutana na mwanamke kwa baa, wanapendana, halafu inajulikana mwalimu ameolewa. Hakuna maua. Kuna mama mkwe, kuna kuhama nyumba, kuna mume ambaye si mtu mbaya na hiyo ndiyo inauma.

Ya Nagata Kabi ya 2016 pia, My Lesbian Experience with Loneliness, hiyo ni maisha yake mwenyewe, alianza kuiweka bure Pixiv, ule mtandao wa wachoraji. Ni nzito, kuna unyogovu na mambo ya kula, usiisome siku mbaya. Lakini ni mtu anajichora akikubali kwamba alichokuwa anatafuta kwa ndoto ni kukumbatiwa tu, na anachora aibu yake bila kuipaka poda.

Na kama unataka pole pole bila kuumia, She Loves to Cook and She Loves to Eat ya Yuzaki Sakaomi. Majirani wawili kwa gorofa moja. Nomoto anapenda kupika chakula kingi na hana wa kumpikia, Kasuga anaweza kumaliza sufuria. Inaenda hivyo, sahani baada ya sahani, mpaka wanaelewa. NHK, ile TV ya umma ya Japani, waliifanya drama 2022.

Ukiweza nunua hata moja, za kwa simu hushuka bei mara kwa mara. Hawa watu wanachora mpaka mikono inaharibika.

Kijana_wa_Kanduyi (Bungoma)

Zamu nimekuskia, hiyo ya sheria sikuwa nimeifikiria. Nimenyamaza.

Lakini hiyo ya sufuria inapatikana wapi?

Chai_ya_Rangi (Nakuru)

Narudi haraka niko kazini. Amekuja leo na karatasi zake, nikamuuliza Gor walitoka aje. Wadau. Kopi zilimaliza kutoka na alikuwa bado anaongea juu ya mabeki. Ako na maoni mengi sana na sikuelewa hata robo. Anaongea haraka, anapiga meza. Jina lake si lile nilikuwa nimempea.

Sijui kama bado nampenda ama vipi, yaani yule wa Menengai amekataa kukaa vizuri kichwani tangu asubuhi. Huyu naye simjui. Nitaanza hiyo ya mwalimu leo usiku, msiniharibie mwisho.

Zamu_ya_Usiku (Kisumu)

Hiyo ya mwalimu usianze usiku kama uko kazini kesho, utalala saa kumi.

Njoro_Mvua (Njoro)

Nyar_Dunga bado hujanijibu ya Homura.

Nyar_Dunga (Kisumu)

Na sitakujibu. Fungua uzi wako.

Kijana_wa_Kanduyi (Bungoma)

Nimepata. Nimesoma tatu za kwanza. Huyu Kasuga anakula kama watu wa kwetu, na mimi saa hii ni saa sita ya usiku nachemsha maji ya ugali.